Hajajibu meseji? Shika kalamu kwanza

Umemtumia mwenzio meseji saa nne asubuhi, mpaka saa nane kimya. Moyoni ushahukumu: "Huyu hanijali!" Jioni akiingia, unamnunia.

Mpenzi msomaji, daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, aligundua miaka ya 1960 kwamba mara nyingi kinachotuumiza si tukio lenyewe, bali tunavyolitafsiri. Mwaka 1988 akawaandikia wapenzi kitabu kizima, Love Is Never Enough.

Jaribu hivi: gawa karatasi safu tatu. Kilichotokea. Nilichowaza. Ushahidi nilionao. Safu ya tatu ikibaki tupu, usinune, muulize. Ila ikijaa kila wiki, usijidanganye kwamba ni mawazo tu. Kaeni chini mzungumze, ikishindikana mtafuteni mshauri.