Kufagia programu kila dakika hakutunzi chaji

Hapa Katoro, na hata nikienda Kahama kufuata mzigo, naona tabia moja. Muuza duka akigusa simu tu, akimaliza anavuta kioo juu, programu zote alizofungua zinajipanga, anazifagia. WhatsApp, kikokotoo, hadi ile ya pesa. Ukimuuliza anakwambia natunza chaji na bando.

Mimi nasema hatunzi kitu.

Programu uliyotoka mara nyingi inalala tu, na kumbukumbu ikijaa Android inaifunga yenyewe bila kukuomba ruhusa. Ukiifagia halafu ukaitaka baada ya dakika tano, simu inaipakia upya toka mwanzo, na kazi hiyo inakula chaji kuliko kuirudisha pale ilipoishia. Siyo maneno ya kijiweni. Mwaka 2016 Hiroshi Lockheimer, wakati huo akiwa mkuu wa Android pale Google, alilisema hadharani, na Craig Federighi wa Apple naye alimjibu mteja kwamba kwenye iPhone hakuna haja.

Na bando je? WhatsApp uliyoifagia si bado unaisikia ikilia meseji? Bando linabanwa kwenye mipangilio: zima data ya chinichini kwa programu usizozihitaji, zima na video kujipakua zenyewe. Chaji inaliwa na mwanga wa kioo, hotspot, na mtandao dhaifu ukiwa machimboni, simu inahangaika kutafuta mnara.

Sasa hasara yenyewe iko hapa. Jioni wachimbaji wametoka shimoni, duka limejaa. Mtu kachukua mchele, mafuta na buti za mpira, elfu themanini, anasema kalipa kwa lipa namba, anakuonyesha meseji kwenye simu yake. Kwako haijaingia. Programu ya malipo ulishaifagia, na simu zetu hizi za GB 2 inazunguka weee, foleni inanuna. Unaishia kusema haya nenda kaka. Matapeli wanaipenda sana dakika hiyo. Kama ingekuwepo pale nyuma, unairudisha, hata ikidai namba ya siri unaingiza, unauona muamala au huuoni. Mzigo hautoki kabla ya hapo. Kwenye Tecno na Infinix nyingi unaweza kuiwekea kufuli kwenye ile orodha, ukifagia inabaki.

Menyu za nyota 150 ni habari nyingine. Hizo usihamehame katikati. Ukirukia WhatsApp kusoma namba ya mteja, menyu inaweza kukatika. Nakili namba kwanza ndipo upige. Na ikikatika mwishoni, angalia salio kabla hujarudia, usije ukatuma mara mbili.

Sisemi usifunge kabisa. Iliyoganda ifunge. Ramani ukishafika ifunge, ile kweli inakula chaji. Na ya benki, ukiwa unamwachia dogo simu dukani, usiifagie tu ukaondoka. Bonyeza kutoka kwanza, maana kuna zinazofagiwa na ukizifungua tena muda huohuo bado umo ndani.