Lubumbashi: mwaka mpya wa kuangalia ndege uanzie karibu na nyumbani

Katika nchi nyingi, wapenda ndege huanza hesabu upya kila Januari. Ndege wa kwanza kuonekana asubuhi ya tarehe 1 anaandikwa namba moja, na hesabu inaendelea hadi Desemba. Hapa Lubumbashi desturi hiyo haijazoeleka. Wengi wanaona ni mchezo wa watalii wenye magari na darubini, wanaokwenda Upemba ao Kundelungu.

Hapo ndipo kosa lilipo. Mbuga hizo mbili ni mali kubwa ya Katanga, lakini ziko mbali, barabara huharibika wakati wa mvua, na Upemba imepoteza walinzi mikononi mwa watu wenye silaha. Familia ya Katuba ao Kampemba haina njia ya kufika huko, sembuse ile iliyokimbia vita. Kinachowezekana ni safari ya siku moja: kutoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa miguu, kwa kinga ao kwa basi, na kurudi kabla mvua ya mchana haijanyesha.

Pa kwenda papo. Kuna bonde la Kafubu, kuna ziwa la Kipopo nje ya mji, kuna bustani za mboga kando ya mito. Januari ni wakati mzuri, kwa sababu ndege wengi hujenga viota majira ya mvua. Minana dume wa manjano hufuma viota vyao juu ya maji, na yangeyange hufuata ng'ombe na wakulima. Mbayuwayu nao wapo, waliovuka jangwa la Sahara wakikimbia baridi ya Ulaya.

Wengine watasema kazi hiyo ni ya wataalamu. Habari ya mnana mmoja wa Katanga inawajibu. Ndege huyo anajulikana kwenye ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, upande wa Likasi. Mtaalamu Ruwet alimpata mwaka 1960. Mwaka 1982 wanasayansi wakampa jina la Ploceus ruweti. Kisha kimya: ni mwaka 2009 tu ndipo wataalamu walipotangaza kwamba wamemwona tena. Karibu miaka 50 ilipita, na muda huo wote wavuvi walikuwa wakipita kando ya majani yale yale. Hawakukosa macho. Hakuna aliyewauliza, na hakukuwa na daftari.

Kwa hiyo familia zilizohama makwao zisiachwe nyumbani siku ya safari. Mzee aliyetoka Tanganyika, Kivu ao Kasai anajua ndege ambao watoto wa mjini hawawajui: yupi hutangaza mvua, yupi hula mtama, yupi huimba usiku. Jina la kila ndege liandikwe kwa Kiluba, kwa Kihemba, kwa Mashi, kwa Tshiluba. Mtoto aliyefika hapa bila kitu atakuwa na jambo la kuwafundisha wenzake. Mbayuwayu ana bahati moja: anajua mwezi wa kurudi kwao. Familia nyingi hazijui bado, na asubuhi moja kando ya maji haiwezi kuwapa jibu hilo. Lakini inaweza kuwafanya wajulikane kwa wanachokijua, si kwa walichopoteza tu.

Liko pia swali la njaa: nani ataangalia ndege wakati sufuria ni tupu? Swali hilo ni la haki. Mji unapika kwa makala, na wanaokata miti ya miombo mara nyingi hawana kazi nyingine. Kuwalaumu hakutapanda mti hata mmoja. Lakini miombo ikiisha, uyoga, asali na viwavi vinaisha pamoja na ndege, na makala yenyewe yatatoka mbali zaidi kwa bei ya juu zaidi. Daftari linaloonyesha kwamba ndege fulani alionekana mwaka huu na mwaka ujao hayupo ni ushahidi ambao wakaaji wanaweza kuuweka mezani kwa viongozi.

Vifaa ni vichache: daftari, kalamu, maji ya kunywa. Mwenye simu anaweza kutumia eBird, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Ruhusa iombwe kwa chifu wa kijiji. Darubini, kama ipo, isielekezwe kambi ya askari wala mgodi. Na watoto waache manati nyumbani.

Jumamosi moja kwa mwezi inatosha. Kufika Desemba, Lubumbashi itakuwa na orodha yake yenyewe, iliyoandikwa na waliozaliwa hapa pamoja na waliofikia hapa.