Si Kila Maumivu ya Mkono ni Baridi Yabisi

Miongoni mwa jamaa zetu wa Afrika Mashariki waishio London, wasafishao maofisi kabla ya alfajiri na kuwanyanyua wazee vitandani katika nyumba za kulelea, hakuna jina la maradhi lililotwishwa mzigo usio wake kama baridi yabisi. Mkono ukifa ganzi, shina la kidole gumba likivimba, kifundo kikiuma wakati wa kukamua tambara, hukumu huwa ile ile: ni baridi ya Uingereza, basi hutafutwa mafuta ya kuchulia, na miezi ikapita.

Bibi mmoja jirani yangu, niliyefuatana naye hospitalini ili nimfasirie maneno, alikuwa akiamka kila usiku kukung'uta mkono, na eksirei aliyokwisha kupigwa haikuonyesha kitu, kwa kuwa eksirei aghalabu hutazama mifupa, na mifupa yake ilikuwa mizima. Safari hii tabibu alimpaka jeli ya baridi kifundoni, akapitisha chombo kidogo juu ya ngozi, na mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu yakachora kiooni yaliyofichika: kano 9 na mshipa mmoja wa fahamu, vyote vikipita katika njia moja nyembamba. Alipoambiwa akunje vidole, kano ziliteleza mbele ya macho yetu kama kamba za tanga zivutwapo. Lakini ule mshipa, ambao ukikatwa kwa picha hufanana na sega la asali, ulikuwa umefura hapo unapoingilia njia, na ulipopimwa ulizidi milimita mraba 10, kipimo ambacho matabibu wengi hukifanya mpaka wa salama. Bibi akatazama kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, kumbe si baridi."

Maradhi hayo ya mshipa kubanwa kifundoni si mageni mjini hapa. James Paget, mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's, alieleza habari zake tangu miaka ya 1850, na mwaka 1947 Russell Brain na wenzake wawili waliandika katika jarida la Lancet juu ya wagonjwa 6.

Sineni kwamba kila mkono upigwe picha, kwani dalili zikiwa dhahiri tabibu hodari hutosheka na masikio yake, na chombo chenyewe hakina faida katika mikono ya asiyekijua. Lakini penye shaka, kungoja ni dhuluma: mshipa uliobanwa hutaka gango au kisu, na baridi yabisi ya kweli hutaka dawa mapema, kabla viungo havijaliwa, na mawimbi haya huweza kuuona uvimbe wake kabla eksirei haijaona athari. Kwa hiyo nawasihi wakuu wa kliniki wakiweke chombo hiki karibu na meza ya tabibu.

Nawe msomaji, mwambie tabibu ni vidole vipi vifavyo ganzi, saa ngapi za usiku, na kazi yako ni ipi. Kisha uliza kama picha hiyo ya mawimbi ya sauti itakufaa. Kiingereza kikikushinda, omba mkalimani: katika hospitali za serikali mgonjwa hamlipi.