Ziwa Ni Zito Kuliko Damu

Kila panapotajwa jambo la kuwaunganisha watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, iwe Karema, iwe Ikola, iwe hapa Misunkumilo ambako maji yenyewe yako zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, hakosi mtu wa kusimama na kutangaza kwamba sisi na watu wa Kalemie kule Kongo, sisi na watu wa Rumonge na Nyanza-Lac kule Burundi, ni damu moja. Mkoloni ndiye aliyetutenga kwa rula na penseli. Ufutwe mstari wake, undugu utarudi wenyewe. Watu hupiga makofi. Mimi sipigi.

Sipigi kwa sababu maneno hayo si kweli, na pale yalipofanyiwa kazi yaliangamiza watu. Tena hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Upo hapahapa Katavi.

Kuhusu mstari wenyewe sibishani na mtu. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold II, alijenga kituo chake Karema, upande wetu huu wa ziwa. Ilipofika 1885 wakubwa wa Ulaya wakawa wamegawana: Leopold akabaki na ng'ambo, Mjerumani akachukua huku, na kituo kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Wangeelewana vingine kidogo tu, leo Mpanda ingekuwa inalipa kodi Kinshasa. Hakuna mzee wa Kibende wala wa Kitabwa aliyeulizwa.

Lakini ubaya wa mchora mpaka hauwafanyi waliokuwa pande zake mbili kuwa familia moja. Kabla ya Cambier ziwa hili lilivukwa sana. Chumvi ya Uvinza ilivuka, mawese yalivuka, nguo na shanga zilivuka. Watu waliofungwa minyororo nao walivuka, kutoka Manyema hadi Ujiji, na kutoka Ujiji wakaswagwa hadi pwani. Mwaka 1880, kabla wakubwa wa Ulaya hawajakaa kikao chao Berlin, Mtemi Mirambo wa Unyamwezi alishambulia Upimbwe bila kumwomba Mzungu rula. Watu wa huku waliuziana, walioana, walikopeshana, walipigana. Hiyo ni historia ya majirani, tena wengine majirani wabaya. Anayetaka tuurudie undugu wa kabla ya mpaka atutajie kwanza anarudi mwaka gani.

Halafu aseme nani anahesabiwa. Chukua kata hii tu. Mkonongo na Mbende wapo, na wanaweza kuonyesha makaburi ya mababu. Lakini wanapakana na Mfipa wa Sumbawanga, na Mha aliyekuja kwa treni ya Kaliua, na Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake, na familia iliyotokea makazi ya Katumba ambayo babu alizaliwa Burundi na wajukuu wana vyeti vya uraia wa Tanzania. Msukuma hana binamu Kalemie. Vuguvugu la damu likifika hapa litamweka wapi? Atakaa nje ya mkutano achunge baiskeli? Basi mpaka tuliouondoa ziwani tumeuchora upya uani kwetu, na safari hii hatutakuwa na Mjerumani wa kumlaumu.

Nikiulizwa nani katika historia yetu alikuwa mtu wa ziwa hasa, namtaja Adrien Atiman, na Atiman hakuwa na tone la damu ya huku. Alizaliwa kule kwenye Mto Niger, nchi inayoitwa Mali leo. Aliibwa utotoni, akavushwa Sahara kama bidhaa, akakombolewa na wamisionari Algeria, akasomea uganga Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na akatibu watu hapo, daktari na katekista kwa pamoja, mpaka alipofariki mwaka 1956. Alioa hapo, akazaa hapo. Katika miaka hiyo zaidi ya 60, sidhani kama mgonjwa yeyote alimuuliza ukoo wake kabla ya kunywa dawa.

Sasa twende Mishamo, kwenye ushahidi nilioutaja.

Mwaka 1972 jeshi la Rais Micombero liliua Wahutu wa Burundi kwa makumi ya maelfu, na wanaohesabu wengi hawashuki chini ya 100,000. Waliookoka walivuka. Serikali yetu ikawapa mapori: Ulyankulu kule Tabora, Katumba huku Mpanda, na mwaka 1978 ikafunguliwa Mishamo. Walifyeka miombo, wakalima, wakauza mazao. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Wakakaa peke yao, wao kwa wao, na kumbukumbu zao.

Humo Mishamo, mwaka 1980, Rémy Gahutu akaanzisha PALIPEHUTU, yaani chama cha ukombozi wa watu wa Kihutu. Wanaopenda kusema kwamba harakati za kweli huanzia mashinani, mashina hayo hapo. Hicho hakikuzaliwa kwenye ukumbi wa hoteli. Kilizaliwa miongoni mwa wakulima waliofiwa, katika mkoa huu, kikiwa na kilio halali, kwa kuwa watu hao kweli waliuawa kwa sababu ya kabila lao. Sina ujeuri wa kumfundisha mfiwa namna ya kulia. Ninachouliza ni kile walichochagua kukijengea.

Mwanaanthropolojia wa Kifini, Liisa Malkki, aliishi na wakimbizi hao mwaka 1985 na 1986, na mwaka 1995 akatoa kitabu. Alifanya jambo moja la akili: hakukaa Mishamo tu, alikwenda pia Kigoma mjini, kwa watu waliokimbia mauaji yaleyale. Mishamo aliwakuta watu waliokuwa wamejitengenezea historia moja kubwa, safi, yenye sisi na wao, na Uhutu uliozidi kukaza kila mwaka. Kigoma mjini aliwakuta wanaofanya biashara, wanaooana na wenyeji, wanaobadili majina na kujibu swali la kabila kadiri ya aliyeuliza. Wote walitoka katika msiba mmoja. Waliofungiwa pamoja walizidi kuwa kabila. Waliochanganyika sokoni wakawa watu wa Kigoma. Wahubiri wetu wa damu moja wangekisoma kitabu hicho kabla ya kushika kipaza sauti.

Mbegu ya Mishamo ilikwenda Burundi, ikapigana miaka mingi, ikagawanyika yenyewe kwa yenyewe, kama ilivyo kawaida ya vyama vya damu, maana siku zote hutokea mwenye damu safi zaidi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba karibu na mpaka wa Kongo, waliuawa watu zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, waliokuwa wamekimbia vita kwao. FNL, tawi lililotokana na chama kile, likasema ni sisi. Fikiria hapo kidogo. Waliouawa walikuwa wakimbizi waliovuka mpaka kuokoa roho zao, kama waanzilishi wa Mishamo walivyovuka mwaka 1972. Mwaka 2009, ili FNL isajiliwe kuwa chama cha siasa Burundi, ilibidi iliondoe kabila kwenye jina lake.

Na wale wengine, wasiochukua bunduki? Hadithi yao haina makofi, ndiyo maana haisimuliwi. Serikali ilipowapa nafasi ya kuchagua, kurudi Burundi au kuomba uraia hapa, karibu wanne katika kila watano waliomba kubaki. Zaidi ya 162,000 walikubaliwa. Walisubiri vyeti kwa miaka, wakaambiwa watahamishwa mikoa mingine, baadaye wakaambiwa hawahamishwi tena, na mwezi Oktoba 2014 Rais Kikwete akaanza kuwakabidhi vyeti. Nchi ya damu ilikuwa inawaita, wao wakachagua shamba walilolifyeka, shule ya mtoto, na jirani anayewazika.

Labda mtu atasema kwamba Mishamo ni jeraha la pekee, lisifanywe kipimo. Haya, tuwachukue Wasomali, ambao kama kuna watu Afrika Mashariki wenye haki ya kujiita kitu kimoja kwa lugha, dini na nasaba, ni wao. Walichora nyota ya pembe tano kwenye bendera, kila pembe kwa kipande kimoja cha ardhi ya Wasomali, kikiwamo cha Kenya. Kwa ajili ya pembe moja waliingia vita vya Ogaden mwaka 1977. Mwaka 1991 dola yao ikasambaratika, na waliokuwa wakiivuta huku na huku ni koo za damu ileile.

Lipo jambo jingine linaloniudhi zaidi, kwa sababu ni la kila siku. Hoja ya damu haina mwenyewe. Leo inashikwa na mhamasishaji kijiweni, kesho inashikwa na afisa kwenye kizuizi cha barabarani. Mha wa Kigoma anasikilizana na Mrundi bila mkalimani, na kwa sababu hiyohiyo malalamiko ya Wakigoma kutiliwa shaka uraia wao yamefika bungeni. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga iliyopita Kagera, Kigoma na Geita, walifukuzwa hata watu waliokaa hapa miongo na miongo, wenye watoto na migomba. Ukimwambia afisa kwamba wewe na watu wa ng'ambo ni damu moja, umemrahisishia kazi. Atakujibu: basi nenda kwenu.

Sikatai kwamba jamaa wapo. Waholoholo wako pande zote mbili, Wabembe vilevile, na mtu akifa Moba msiba unaweza kulala Karema. Hayo ni mambo ya ukoo, na ukoo una mahari zake, mirathi yake na vikao vyake. Hauhitaji kadi wala mwenyekiti wa kanda. Ninachokipinga ni kuuchukua ukoo na kuufanya siasa, halafu kukaa tukisubiri ufanye kazi ambayo hatujaifanya.

Maana kazi ipo tele. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi na wenyewe wanne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mwaka 2003 nchi hizo zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili dagaa na migebuka wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zote nne. Mimi naunga mkono kulipumzisha ziwa. Lakini mvuvi wa Ikola anayetundika nyavu miezi mitatu anataka kujua jambo moja tu: je, mwenzake wa Moba naye ametundika? Binamu hawezi kulijibu swali hilo. Linajibiwa na kamati ya wavuvi wa pande mbili, wanaojuana kwa majina ya boti, wenye simu za kupigiana usiku, wenye haki ya kufika mwalo wa mwenzao na kuhesabu mitumbwi. Vikundi vya usimamizi wa uvuvi (BMU) vya mialo yetu vipo. Bado havina dada zao ng'ambo wa kukaa nao meza moja bila waziri kuwaitisha.

Na mama anayenunua dagaa kule akauze Mpanda, huyo ni wa vuguvugu hili kuliko chifu yeyote mwenye mgolole. Ziwa likifungwa, meza yake sokoni inakuwa tupu na marejesho ya kikoba hayasubiri. Bandari mpya ya Karema tumejengewa kwa mabilioni ya shilingi, na hesabu zote zinazotajwa ni za shehena kubwa ya Kalemie. Mchuuzi wa magunia mawili anataka vitu vidogo: ubao wa ushuru ulioandikwa bei moja kwenye gati zote mbili, hati ya kusafiria inayopatikana bila kwenda kulala mjini, na mahali pa kulalamika boti ikimtelekeza. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kwa sherehe nzuri za marais. Hayo madogo hayakuwa kwenye hotuba, na hayataletwa na marais. Yataletwa na wachuuzi wa huku na wa kule watakaokataa kwa pamoja kulipa ushuru usio na stakabadhi.

Lugha ya kukatalia tunayo. Kiswahili cha Kalemie kina vituko vyake na chetu kina vyetu, lakini tunaelewana hadi kwenye matusi, na hakuna kabila la mwambao huu linaloweza kusema ni mali ya babu yake. Msukuma wa Misunkumilo anakiongea. Mjukuu wa Katumba anakiongea. Hapo ndipo pa kuanzia, maana hapo hakuna anayebaki nje akichunga baiskeli.

Kwa hiyo wanaojiandaa kuunda umoja wa watu wa ziwa, na nasikia wapo, nawaomba fomu yao ya kujiunga iwe na jina, mwalo au soko, na kazi ya mtu. Mstari wa kabila wauache. Viti vya mbele wawape wenye boti na wenye meza za dagaa. Na mkutano wa kwanza wauitishe kabla ziwa halijafungwa tena, kwa sababu likishafungwa wavuvi hawana nauli.