WALIKUJA KUTAZAMA NCHI, WENYEWE HAWAKUULIZWA

Ndugu wananchi, bado wapo watu wanaosema kwamba wakoloni waliikuta nchi tupu. Ati masetla walipopanda nyanda za juu hawakukuta ila majani, tembo na upepo, na kwa hiyo walichukua kitu kisichokuwa na mwenyewe. Maneno haya yamerudiwa mara nyingi mno, hata baadhi ya vijana wetu wameanza kuyaamini. Leo tunayajibu. Wala hatuhitaji kuzunguka dunia kutafuta ushahidi. Inatosha habari ya safari moja tu, ya watu watatu waliopanda uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1905 kutazama kama panafaa kuwa makao mapya ya watu waliokuwa mbali.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Aprili 1903 Wayahudi waliuawa na nyumba zao kuvunjwa katika mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya Mfalme wa Urusi. Theodor Herzl, kiongozi wa chama cha Wazayuni, alikuwa akitafuta mahali pa kuwapeleka watu wake. Akabisha hodi kwa Waingereza. Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni, alikuwa ametembelea nchi zetu mwishoni mwa mwaka 1902 na kupanda reli mpya. Aliiona nchi kupitia dirisha la gari la moshi, akaipenda, na papo hapo akaihesabu kuwa ni ya kugawa. Mwezi wa Agosti 1903 barua ikatoka London: Serikali ya Uingereza iko tayari kuzungumza juu ya kuwapa Wayahudi mahali pa kukaa katika Afrika ya Mashariki. Eneo lililokuja kutajwa lilikuwa kama maili za mraba 5,000 huko Uasin Gishu. Hiyo ni karibu mara nne ya kaunti nzima ya Uasin Gishu kama ilivyo leo.

Hata jina walikosea. Mpango ule uliitwa, na mpaka leo vitabuni unaitwa, mpango wa Uganda. Lakini sehemu ile ilikuwa imekwisha kuondolewa Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, yaani Kenya ya leo, tangu Aprili 1902. Mtu anayegawa shamba asilolijua hata liko upande gani wa mpaka, je, huyo atamjua mwenye shamba?

Tuseme jambo moja waziwazi ili adui zetu wasipate la kutusingizia. Hatuwalaumu waliokuwa wakikimbia kuuawa. Mtu anayefukuzwa na moto hachagui mlango wa kubisha. Tunayemlaumu ni yule aliyesimama mlangoni pa nyumba ya mwenziwe, akanyosha mkono na kusema: "Karibuni, hapa ni kwangu."

Jambo hilo likapelekwa katika mkutano wa Wazayuni mjini Basel, Uswisi, mwezi ule ule wa Agosti 1903. Walibishana sana, na wengi wa wajumbe waliotoka Urusi kwenyewe walikataa. Mwisho wakapiga kura: 295 walitaka watu wapelekwe kutazama nchi, na 178 wakakataa. Huko kulikuwa na wajumbe, hotuba, kura na hesabu ya kura. Na huku kwetu? Hakuna hata mzee mmoja wa Kinandi aliyeulizwa, wala wa Kikeiyo, wala wa Kimasai. Waswahili walisema kweli: asiyekuwepo na lake halipo. Wenyeji hawakuwepo kwa sababu hawakuitwa.

Basi wakachaguliwa wapelelezi watatu: Meja Gibbons, askari Mwingereza, Alfred Kaiser, Mswisi, na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi aliyezaliwa katika Urusi. Januari 1905 walishuka Mombasa, wakapanda gari la moshi mpaka Nakuru, kisha wakapanda uwandani na wapagazi wao. Walikaa huko wiki chache tu, wakarudi Ulaya kuandika ripoti. Swali walilotumwa nalo lilikuwa moja: je, watu wetu wanaweza kukaa hapa? Kwa hiyo wakatazama maji, udongo, majani na umbali wa reli. Gibbons alikuwa na matumaini kidogo kuliko wenziwe wawili. Lakini swali la pili, ambalo kwa mtu mwenye haki ndilo la kwanza, yaani wenye nchi wamekubali au hawakukubali, halikuwamo katika kazi yao.

Je, nchi ile ilikuwa tupu? Mwenye macho haambiwi tazama. Anayetembea uwandani huyakuta mashimo ya Wasirikwa, mazizi ya zamani yaliyochimbwa ardhini na mengine kujengewa mawe, ushahidi wa wafugaji waliokaa pale kabla ya babu za babu zetu. Jina lenyewe, Uasin Gishu, ni jina la fungu moja la Wamasai waliochunga pale mpaka walipovunjwa na vita vya karne ya kumi na tisa. Waingereza walichukua jina la watu, wakaliandika katika ramani, kisha wakasema hapana watu! Baada ya vita hivyo Wanandi walipeleka ng'ombe wao kwenye majani hayo, na Wakeiyo wakapanda kutoka upande wa bonde. Ni kweli kwamba vita na ile sotoka kubwa ya miaka ya 1890 iliyoua ng'ombe wengi vilipunguza moshi wa maboma uwandani. Lakini shamba lililolazwa si pori. Malisho yasiyo na ng'ombe leo yana mwenye kuyangoja kesho. Mkulima wa Uingereza anapoacha sehemu ya shamba lake ipumzike, je, jirani yake huja na kamba ya kupimia?

Na Serikali ya kikoloni ilijua haya yote. Tangu mwaka 1895 ilikuwa ikipigana na Wanandi. Ilipeleka majeshi mwaka 1895, mwaka 1897, mwaka 1900, na tena mwaka 1903, mwaka ule ule barua ya kugawa nchi ilipoandikwa London. Huwezi kupigana na mtu mlangoni pake miaka minane, kisha ukawaambia wageni kwamba nyumba haina mtu.

Tunasema hivi: nchi tupu haikukutwa, ilifanywa. Kwanza ilifanywa kwa karatasi. Amri ya mwaka 1901 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1902 ziliipa Serikali uwezo wa kuuza na kukodisha ardhi iliyoiita mali ya Mfalme wa Uingereza. Halafu ilifanywa kwa kuhamisha watu. Mwezi wa Agosti 1904 Wamasai walitiwa katika mapatano ya kuondoka Bonde la Ufa, huko Naivasha na Nakuru, ili reli ipite katikati ya mashamba ya masetla. Miezi michache baadaye wale wapelelezi watatu walipita kwa gari la moshi katika bonde hilo hilo. Mgeni aliyechungulia dirishani angeweza kusema, "Nchi hii haina watu." Naam, watu walikuwa wametoka kuondolewa!

Na kwa nini haraka yote hiyo? Reli. Ilifika ziwani Kisumu mwezi wa Desemba 1901, nayo ilikula zaidi ya pauni milioni tano. Wakubwa wa London walitaka watu wa kuilipia kwa mazao na mizigo, wala hawakujali sana watoke wapi. Leo Wayahudi, kesho Makaburu, keshokutwa wana wa mabwana wa Kiingereza. Asiyekuwamo katika hesabu yao ni mwenyeji tu, ila kwa kazi ya kibarua.

Sasa tazameni ni sauti ya nani iliyosikika. Masetla Waingereza waliposikia habari ya mpango huo walipiga kelele. Lord Delamere alipeleka simu mpaka London kwenye gazeti la The Times. Walifanya mikutano Nairobi, wakatoa makaripio. Walikuwa watu wachache, na wengi wao walikuwa wamefika juzi. Lakini walikuwa na simu, gazeti na rafiki Bungeni. Walidai ati nchi ni yao, wao waliokuwa hawajavuna hata magunia ya miaka mitatu! Mgeni akamkataza mgeni mwenziwe kuingia, na mwenye nyumba akiwa amesimama nje.

Mwishoni mwa Julai 1905 Wazayuni walikutana tena Basel, wakaikataa zawadi ile. Herzl alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia, na wafuasi wake walisema hawataki nchi nyingine ila Palestina. Je, wananchi wa Uasin Gishu walipona? La hasha! Miezi mitatu haikupita. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani. Akapigwa risasi na Meinertzhagen, na watu waliofuatana naye wakauawa pamoja naye. Likafuata jeshi. Wanandi zaidi ya 1,000 waliuawa, ng'ombe zaidi ya 10,000 wakanyang'anywa, na waliobaki wakasukumwa ndani ya mipaka ya rizavu. Hapo ndipo "nchi tupu" ilipopatikana!

Mwaka 1908 karibu familia 50 za Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walishuka Mombasa na kupanda uwandani kwa magari ya ng'ombe kutoka Nakuru. Mashamba yalipimwa na kupewa nambari. Mji uliosimama katika shamba nambari 64 uliitwa Eldoret mwaka 1912, na mpaka leo wapo wanaouita Sisibo, kutokana na sixty-four ya mpimaji. Mwaka 1915 sheria mpya iliruhusu masetla wakodi ardhi kwa miaka 999. Miaka 999! Hata Mungu hajatuambia kama dunia itakuwapo.

Somo la kwanza ndilo hili: mpelelezi akisema nchi ni mbaya, huo si uhuru wako. Atakuja mwingine mwenye macho tofauti. Nchi isiyo na haki iliyoandikwa na kulindwa na wenyewe itapelelezwa tena na tena, mpaka apatikane atakayeipenda.

Msifikiri haya ni mambo ya kale. Bendera ya mkoloni ilishuka mwaka 1963, lakini mtindo wake haukushuka nayo. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa wakubwa kinyume cha sheria katika nchi huru. Walioigawa hawakuwa watu wa London, bali watu wenye ngozi kama yetu. Na leo wapelelezi bado wanakuja. Wanafika na magari makubwa, ramani na vyombo vya kupimia. Wanatazama malisho wanasema pori. Wanatazama msitu wa mizinga wanasema haufanyi kazi. Wanatazama watu wanasema idadi yao ni ndogo. Kisha wanakwenda kuzungumza na bwana mkubwa mjini. Tofauti na mwaka 1905 iko wapi?

Hapa tunaongeza onyo kwa watu wetu wenyewe. Wako wanasiasa wanaochukua historia hii ya uchungu na kuigeuza panga la kumkatia jirani. Wanasema: hii ilikuwa ya fulani, kwa hiyo fulani mwingine aondoke. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa moto Kiambaa, karibu na Eldoret, likiwa na watu waliokimbilia humo, wanawake na watoto. Huo si ukombozi wa ardhi. Ni kazi ya mkoloni iliyofanywa kwa mikono yetu. Maskini aliyenunua eka mbili kwa jasho lake hakuandika barua ya 1903, wala sheria ya 1915. Katika hesabu ya mwaka 2019 watu 1,163,186 walikutwa Uasin Gishu, katika nchi ile ile iliyosemwa haiwezi kuwatosha wageni wa Basel. Inawatosha wananchi, ikiwa watakaa kwa haki.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, ardhi yoyote isigawiwe, isikodishwe wala isihamishwe watu wake kabla wenyeji hawajaitwa barazani, wakaelezwa kwa lugha yao, wakakubali au wakakataa, na kukataa kwao kuwe na nguvu. Pili, ardhi za jamii ziandikishwe kwa jina la jamii chini ya Sheria ya mwaka 2016, maana Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kusema kwamba ardhi yote ya Kenya ni mali ya watu wa Kenya. Karatasi ilitunyang'anya, karatasi na itulinde. Tatu, watoto wafundishwe habari ya safari hii mashuleni, wajue kwamba neno "tupu" ni silaha.

Wanachama, kazi ni kwenu. Mkimwona mtu anatembea katika malisho yenu na kamba ya kupimia, msimpige. Muulizeni katumwa na nani, kutafuta nini, na wenyewe wameambiwa lini. Akishindwa kujibu, iteni baraza siku hiyo hiyo. Babu zetu waligawiwa nchi yao na watu wasiowajua, katika mkutano wasioujua, kwa lugha wasiyoijua. Sisi tunajua. Tukinyamaza, hatutakuwa na wa kumlaumu.