Wageni waende kwa wafinyanzi, na walipe

Mwisho wa juma, magari kutoka Bujumbura hushuka Rumonge, kilomita 70 na ushei, yakileta vikundi vya kuogelea, kula samaki aina ya mukeke wa kuchoma na kusherehekea. Ni nadra safari hizo kufika kwa wafinyanzi wa jamii ya Watwa. Ni hasara! Pale mgeni angeona kazi isiyo na gurudumu: udongo unapondwa, unasokotwa mfano wa kamba, unazungushwa pete juu ya pete, kisha ukuta unalainishwa kwa kiganja chenye maji. Chungu hukauka kivulini, halafu huchomwa kwa nyasi na kuni uwanjani.

Sufuria na ndoo za plastiki zimeua soko la vyungu. Mabonde mengi ya udongo yamegeuzwa mashamba. Ziara za shule na sherehe za watoto zingerudisha kipato, ila si kwa mtindo wa kupiga picha na kuondoka. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 iliwatengea Watwa viti vitatu Bungeni na vitatu katika Seneti. Kwenye kupanga bei nako wasikilizwe. Waandaaji wa ziara wapatane na wafinyanzi wenyewe, na malipo yakabidhiwe siku hiyohiyo.