Anayekata Roho Asiachwe Peke Yake

Ndugu zangu wa Kivinje, Masoko, Nangurukuru, Somanga, mpaka Lindi Mjini,

Wiki iliyopita, katika hospitali moja ya pwani yetu hii, nilishuhudia jambo ambalo sitalinyamazia. Mzee yuko kitandani anakata roho. Watoto wake wako nje ya wodi, wanaomba aingie mmoja tu amtamkishe shahada. Muuguzi, peke yake zamu nzima na wodi imejaa, akawajibu kwamba saa za kuona wagonjwa zimekwisha, akafunga mlango. Mzee akafariki bila ndugu kando yake. Habari ilipotoka, vijana wa familia wakamvamia yule muuguzi, wakampasua mdomo. Kulipokucha, ukoo mzima ulikuwa unaapa kutokanyaga tena hospitalini.

Sababu tunazijua: watumishi wachache, vitanda vichache, lugha kali kwa upande wao, na upande wetu kumfikisha mgonjwa akiwa hoi baada ya kuzungushwa kwa waganga. Ninachokataa ni kuzigeuza sababu hizo kuwa ruhusa. Uchache wa wauguzi haumzuii mtu kusema, "Poleni, aingie mmoja." Na uchungu wa kufiwa haumhalalishii yeyote kumpiga mtoto wa mwenzake aliyekesha kazini. Tuone aibu, sote.

Madaktari, semeni kweli mapema. Mnamwona mgonjwa hana matumaini, mnanyamaza, mnaandika rufaa ya Dar es Salaam. Familia inauza ufuta wa msimu mzima, inakodi gari, na mzee anafia njiani hata daraja la Rufiji hajalivuka. Huko ni kuikimbia familia.

Na maumivu je? Wagonjwa wa saratani hupewa mofini ya maji katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mtu wa Songo Songo aifuate huko kwa mashua na basi? Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga na magari yakakwama. Uganda, tangu 2004, wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, wanaruhusiwa kuandika mofini. Tudai dawa hiyo isikosekane Kilwa na Lindi, na wawepo waliofundishwa kuitoa.

Sasa tufanye hivi. Siku ile ile mgonjwa anapolazwa, familia iteue msemaji mmoja, mtu mzima mwenye subira. Daktari azungumze naye wakiwa wameketi, si kwa kupigiana kelele na watu kumi na watano koridoni. Mgonjwa akizidiwa, ndugu mmoja akae naye usiku na mchana, kwa zamu. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Lakini huyu aulizwe, maadamu anaweza kusema: abaki hapa, au arudishwe kwake alale kati ya watu wake? Akichagua nyumbani, aondoke na dawa zake na maelekezo, asisukumiwe karatasi ya kusaini kama mtoro.

Kwenye meza ya muuguzi wa zamu zibandikwe namba za imamu na padri, zipigwe saa yoyote. Kila kitanda cha anayekufa kiwe na pazia. Wenye uwezo wasaidie wanavyoweza.

Kamati za usimamizi wa vituo vya afya zina wawakilishi wetu wananchi. Tuwaite Ijumaa baada ya sala na Jumapili baada ya ibada, watueleze wamelifanyia nini jambo hili. Wauguzi nao waje tuwasikilize, na wazee wasimame kati yao na vijana wetu.

Nawasihi, msikubali kuambiwa tusubiri bajeti. Kusema kweli hakuhitaji bajeti. Kumwacha mtoto akae na babake hakuhitaji bajeti. Kuzuia mkono usimpige mtumishi hakuhitaji bajeti. Mofini ndiyo inayohitaji bajeti, na hiyo tutaidai kwa diwani na kwa mbunge, mkutano hadi mkutano, mpaka ifike. Tuanze Ijumaa hii.